Fundi wa Mashine za Hospitali kati ya Masisi na Walikale

Tiba ya leo inawategemea watu ambao mgonjwa hawaoni. Daktari anasoma picha ya mfupa, muuguzi anatazama namba kwenye kioo cha mashine, mkunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Picha, namba na sauti hiyo vyote ni fizikia iliyofungwa ndani ya sanduku, na lazima awepo mtu wa kuhakikisha kwamba sanduku hilo linasema kweli. Likisema uongo, daktari hodari atakosea kwa uhodari uleule.

Watu wa kazi hii wako wa aina kadhaa. Mwanafizikia tiba hupima mionzi na kukokotoa kipimo anachopewa mgonjwa wa saratani. Mhandisi wa vifaa tiba huchagua mashine, huisimika na kupanga matunzo yake. Fundi wa vifaa tiba ndiye anayeifungua, kuisafisha, kuipima na kuirudisha kazini. Pamoja nao wapo wataalamu wa picha na wa maabara, ambao huiendesha kila siku. Katika hospitali kubwa za Nairobi au Dar es Salaam kazi hizi zimegawanywa kwa idara. Katika vituo vya afya vya Kivu Kaskazini, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mara nyingi zote humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi zaidi hazimwangukii mtu yeyote.

Kashebere ni mahali pazuri pa kuanzia kulieleza jambo hili, kwa sababu hapo sheria za fizikia zinaonekana kwa macho. Eneo hilo liko pale wilaya za Masisi na Walikale zinapokutana, kwenye njia inayotoka Masisi na kupitia Nyabiondo. Mashariki yake ni nyanda za juu za Masisi, nchi ya malisho, maharage na viazi, ambako milima mingi hupita mita 2,000. Magharibi, nchi inashuka kuelekea msitu wa Walikale, ambako joto hupanda na unyevu haukauki. Nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, hazifiki huko, na barabara wakati wa mvua ni tope. Tangu miaka ya 1990 vita vimepita mara kwa mara, na Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Miezi miwili baadaye mapigano yakafika Walikale mjini. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali ya usawa wa bahari, yenye umeme usiokatika na chumba chenye kiyoyozi, inapofika mahali kama hapo haikuti hata sharti moja kati ya yale iliyotengenezewa.

Chombo cha kwanza kuathiriwa na mlima ni otoklavu, yaani chungu cha mvuke kinachotumika kutakasa mikasi, koleo na nyuzi za upasuaji. Maji ya kawaida yakichemka ufukweni hufikia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye mita 2,000 huchemka kwa takribani nyuzi 93 tu, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Kuchemsha vyombo hakutoshi hata pwani, maana spora za bakteria wa pepopunda huvumilia maji yanayochemka. Mlimani uhakika unapungua zaidi. Kwa hiyo chungu hufungwa, mvuke ukashindiliwa ndani, joto likapanda hadi nyuzi 121, na vyombo vikakaa humo kwa muda usiopungua dakika 15.

Hatari iko kwenye geji. Mvuke wa nyuzi 121 unahitaji shinikizo ambalo kwa jumla ni kama mara mbili ya lile la hewa ya pwani. Lakini geji ya otoklavu haisomi jumla hiyo. Inasoma tu ziada iliyopo juu ya hewa ya nje. Pwani, hewa ya nje inachangia sehemu moja nzima na geji inaonyesha moja. Mlimani, kwenye mita 2,000, hewa ya nje inachangia kama sehemu nne kwa tano, kwa hiyo geji lazima isome zaidi ya moja, karibu moja na robo, ndipo joto litimie. Muuguzi akifuata mstari mwekundu uliochorwa kiwandani, mvuke wake utakuwa na nyuzi 117 hivi. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo, lakini bakteria sugu kwenye joto hilo huhitaji muda zaidi ya mara mbili ili kufa. Vyombo vitatoka vikiwa vya moto na vinang'aa, navyo si safi. Anayejua jambo hili huchora mstari mpya kwenye geji kulingana na kimo cha kituo, hutoa hewa yote kabla ya kufunga vali, na huweka mkanda unaobadilika rangi ndani ya kila fungu la vyombo. Kazi hiyo ni ya saa chache, na gharama yake ni ndogo kuliko ya sindano za siku moja. Thamani yake ni uhai wa mama aliyepasuliwa ili azae.

Oksijeni ni somo refu zaidi, na ndilo linaloua watoto wengi pale lisipojulikana. Nimonia huwafunga watoto pumzi, na dawa ya viuavijasumu huhitaji siku kadhaa kufanya kazi. Katika siku hizo mtoto lazima asaidiwe kupumua. Kwenye nyanda za juu kila pumzi huingiza oksijeni pungufu tangu mwanzo. Kwa kimo cha Goma, mji mkuu wa mkoa, mita 1,500 hivi, upungufu huo ni kama moja ya sita ukilinganisha na pwani. Mtu mzima mwenye afya hauhisi. Mtoto mwenye mapafu yaliyojaa maji hana akiba ya kuupambania.

Njia ya zamani ni mitungi ya gesi, ambayo lazima ijazwe mjini na kusafirishwa. Kwa njia za Masisi, mtungi wa chuma wenye uzito wa mtu mzima hauwezi kutegemewa kufika siku unayohitajika. Njia ya pili ni konsentreta, mashine inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Hewa ina nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Ndani ya mashine mna mikebe miwili iliyojaa chembe za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyoinasa nitrojeni chini ya shinikizo. Mkebe mmoja unanasa huku mwingine unatema, ikipokezana kila baada ya sekunde chache, na kinachobaki ni gesi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 90. Haihitaji kujazwa chochote. Inahitaji umeme wa wati 350 hivi, hewa isiyo na vumbi, na mtu wa kuosha chujio lake kila wiki.

Ubaya wa oksijeni ni kwamba haina rangi wala harufu. Zeolaiti ikilowa unyevu wa msitu huchoka na kuacha kunasa nitrojeni, lakini kompresa inaendelea kunguruma, mapovu yanaendelea kupanda kwenye chupa ya maji, na mrija unaendelea kupuliza. Mama aliyekaa kando ya kitanda anaamini mwanawe anapata oksijeni, kumbe anapata hewa ileile ya chumbani. Kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa ni asilimia 82. Chini ya hapo mashine iondolewe wodini. Hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kutazama. Kinahitajika kipimo kidogo cha oksijeni, na fundi mwenye ratiba ya kukitumia, mwenye daftari la kuandika matokeo, na mwenye mamlaka ya kusema mashine hii isimame. Mamlaka hayo ni muhimu kuliko bisibisi. Fundi anayeitwa tu baada ya kitu kuharibika ameitwa akiwa amechelewa.

Anayepima hewa apime pia damu. Kifaa kinachobana kidole na kuonyesha asilimia ya oksijeni kilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, ambaye alieleza njia yake mwaka 1974. Taa mbili hupenya nyama ya kidole, moja nyekundu na moja ya infraredi isiyoonekana. Damu iliyobeba oksijeni hupitisha nyekundu kwa wingi; damu isiyo nayo huimeza. Kifaa hulinganisha mianga hiyo miwili kwa kila pigo la moyo na kutoa namba. Ni ubunifu uliookoa watu wasiohesabika, lakini una kasoro ambayo kila mhudumu wa Afrika anapaswa kuijua: rangi ya ngozi nayo humeza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivyo vilishindwa kuutambua upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Namba 92 kwenye kidole cheusi inaweza kuwa ya chini zaidi kwa kweli. Fundi na muuguzi wanaolijua hilo hawangoji namba ishuke zaidi wakati mbavu za mtoto zinaingia ndani kila anapovuta pumzi.

Swali la umeme haliepukiki. Konsentreta moja ikifanya kazi usiku na mchana hula zaidi ya kilowati-saa nane kwa siku, na jenereta inayokunywa petroli iliyopandishwa milimani kwa pikipiki haiwezi kubeba mzigo huo mwezi hadi mwezi. Jibu lililothibitika ni jua. Uganda, hospitali na vituo 20 viliingizwa katika utafiti wa oksijeni inayoendeshwa kwa paneli za sola na betri, na matokeo yaliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2024 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni vilipungua waziwazi. Hata hivyo paneli si jibu zima. Masisi ina mawingu mengi. Betri ikikokotolewa kwa siku ya jua kali itakufa usiku wa pili wa mvua. Kuna pia mtindo wa kuchomeka simu za kijiji kizima kwenye betri ya wodi, jambo linaloeleweka kibinadamu lakini linaloiua betri kabla ya wakati wake. Mfumo mzuri huwa na betri mbili zilizotenganishwa, moja ya wagonjwa isiyoguswa na nyingine ya taa na simu. Uamuzi huo ni wa kihandisi, na aliye bora kuufanya ni mtu anayeishi na wanakijiji na kuyajua mahitaji yao.

Unyevu wa upande wa Walikale una madhara yake mwenyewe. Hadubini inayotafutia vimelea vya malaria huota kuvu kwenye lenzi, na mtaalamu wa maabara huanza kuona ukungu mahali penye vimelea. Sanduku lisilopitisha hewa lenye silika jeli iliyokaushwa hutosha kuzuia. Bodi za elektroniki hushika kutu kwenye maungio. Altrasaundi, ambayo Kongo hujulikana kama ekografia, hustahimili zaidi, na kwa sababu haitumii mionzi ni chombo kinachofaa vijijini kuliko chochote cha kupiga picha. Adui yake mkubwa ni kebo ya kichwa kukunjwa vibaya na kichwa chenyewe kuangushwa.

Eksirei ni habari nyingine. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hiyo nchini Ujerumani mwaka 1895, madaktari na mafundi wengi wa mwanzo walipoteza vidole na maisha kwa kutojua madhara yake. Kinga yake inafuata kanuni nyepesi: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inashuka hadi robo. Kwa anayefanya kazi kila siku, kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na kila mtumishi wa chumba hicho avae kipimo kifuani. Kongo ina chombo cha kitaifa cha kusimamia kinga ya mionzi, CNPRI, lakini sheria iliyoko Kinshasa hailindi mtu Masisi bila mtu wa kupima kuta za chumba na aproni ya risasi papo hapo.

Kongo yenyewe si mgeni katika fizikia ya tiba. Madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga, mwaka 1915, na katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliyasafisha huko Olen, Ubelgiji, ikatawala soko la dunia la radiamu, elementi ya mionzi inayopatikana ndani ya madini hayo. Sindano za radiamu kutoka ardhi ya Kongo zilitibu saratani ya shingo ya kizazi Ulaya na Marekani wakati mwanamke wa Kongo hakuwa na matibabu hayo. Mwaka 1959 kinu cha TRICO kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kilikuwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, kikizalisha isotopu kwa utafiti. Mwanzo huo haukufuatwa na huduma ya kuwafikia wananchi, na mashariki ya nchi mgonjwa wa saratani bado hutazama nje ya mipaka.

Nje ya mipaka nako huduma hiyo imewahi kukatika. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa na mashine moja tu ya kobalti kwa ajili ya tiba ya mionzi ya Uganda yote, iliyonunuliwa mwaka 1995. Mwaka 2016 iliharibika kabisa, na nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila tiba hiyo. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Kobalti-60 hupungua nguvu hadi nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi, karibu asilimia moja kwa mwezi, kwa hiyo kuzeeka kwake kunajulikana kwa tarehe tangu siku ya kununuliwa. Aliyekosekana Uganda hakuwa mtu wa kutabiri. Ulikosekana mpango wa kumsikiliza.

Jambo moja linauma zaidi kwa wilaya za Masisi na Walikale. Rubaya, wilayani Masisi, hutoa koltani, mawe yenye tantali, inayokadiriwa kuwa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tantali hutengenezewa kapasita ndogo zinazotumika katika vifaa vya kusaidia moyo na vya kusikilizia. Bisie, wilayani Walikale, ni miongoni mwa migodi yenye bati tajiri kuliko yote, na uchimbaji wa viwandani ulianza huko mwaka 2019. Lehemu ya kisasa isiyo na risasi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95, na kila mashine ya hospitali imeunganishwa kwa lehemu. Kashebere iko kati ya machimbuko hayo mawili. Bati na tantali vinaondoka vikiwa mawe, vinarudi miaka baadaye ndani ya mashine ya msaada, na mashine hiyo inakufa kwa kukosa mtu wa kulehemu waya mmoja.

Kufa huko kumepimwa. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya takwimu za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi zenye kipato kidogo, wakakuta asilimia 38 havifanyi kazi. Sababu kuu zilikuwa ukosefu wa mafunzo, ukosefu wa usimamizi na ubovu wa miundombinu. Mashine kutoka Marekani iliyoundwa kwa volti 120 huchomekwa kwenye soketi ya volti 220 na kuungua siku ya kwanza. Nyingine hufika bila kitabu, au na kitabu cha lugha isiyosomwa na yeyote wodini. Kenya nayo ilionja jambo hili kwa kiwango cha taifa: mpango wa kukodi vifaa vya hospitali za kaunti ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mashine za kisasa kila kona, na baadhi zilikaa zimefungwa kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Msaada wa mashine bila fundi, vipuri na bajeti ya matunzo ni msaada nusu, na hospitali ina haki ya kuukataa.

Mfano wa kinyume upo, na ni wa Kivu Kaskazini yenyewe. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287. Chanjo yake ilipaswa kutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, katika mkoa ambao sehemu kubwa yake haina umeme. Ilitunzwa. Mafundi wa mnyororo baridi walipeleka friza maalumu na vyombo vinavyoshikilia baridi kwa siku kadhaa bila umeme, wakapima joto kila hatua, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Maabara zenye GeneXpert, mashine ya kutambua virusi, zilifunguliwa karibu na wagonjwa, na jibu likatoka kwa saa badala ya siku. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu kila mashine ilikuwa na mtu aliyelipwa kuiangalia. Ugonjwa ulipokwisha, wengi wa watu hao walikwisha pamoja na fedha zake. Hali hiyo huonekana pia katika hospitali zinazosaidiwa na mashirika: Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakiisaidia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi tangu mwaka 2007, na shirika la namna hiyo huja na mafundi wake; swali ni nani anayebaki na funguo za karakana siku wanapohamia kwingine.

Mafunzo yapo ndani ya eneo linaloongea Kiswahili. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, kina idara ya uhandisi wa tiba. Tanzania, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha hufundisha fani ya vifaa tiba. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, hutoa shahada yake. Goma ina Chuo cha Juu cha Ufundi wa Tiba, ISTM. Kijana wa Kashebere anayefungua injini ya pikipiki barabarani na kurudisha simu iliyolowa maji ana mikono tayari; anachokosa ni nadharia ya shinikizo, umeme na mionzi, pamoja na cheti kinachomruhusu kuingia wodini. Maelekezo ya mashine yakiandikwa kwa Kiswahili kwenye kadi ngumu na kubandikwa juu ya mashine yenyewe, makosa mengi ya kila siku yanaweza kuondoka.

Wenye zamu ya kuamua ni wasimamizi wa zone za afya, yaani maeneo ya utawala wa huduma za afya, makanisa yanayomiliki hospitali, mkoa na wafadhili. Katika orodha ya watumishi wa kila zone, pamoja na daktari, muuguzi na mkunga, iandikwe nafasi moja ya fundi wa vifaa tiba mwenye mshahara, pikipiki, sanduku la vipimo na fungu la vipuri. Na nafasi hiyo ijazwe kabla mashine inayofuata haijapokelewa.